Sura ya Sita: Mwanamuziki Aliyedhaniwa Amekufa

Searching for Sugar Man, filamu ya hali halisi iliyotoka mwaka 2012 chini ya mwongozaji Malik Bendjelloul wa Sweden, inasimulia maisha ya Sixto Rodriguez. Huyu alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa wa Detroit, Marekani, aliyerekodi albamu mbili za roki mwanzoni mwa miaka ya 1970, akakosa wanunuzi kwao, kisha akawa nyota Afrika Kusini bila mwenyewe kuwa na habari. Filamu ina dakika 86 tu, na katika muda huo mfupi inathubutu kumficha mhusika wake mkuu hadi karibu na katikati ya hadithi.

Kwa kawaida filamu ya maisha ya mwanamuziki hufuata kalenda. Huanza na picha za utotoni, ikaja bendi ya kwanza, kisha umaarufu, ulevi, na mwishowe kifo au kurudi jukwaani. Bendjelloul aliiacha njia hiyo. Hadithi yake haikupangwa kwa jinsi mambo yalivyotokea, bali kwa jinsi mashabiki wawili wa Afrika Kusini walivyoyagundua. Mtazamaji hapewi zaidi ya kile wanachokijua wao. Wakiamini kwamba Rodriguez amekufa, naye anaamini. Wakigonga mwamba, naye anakwama nao. Uamuzi huo ndio unaoibeba filamu nzima, na ndio pia uliozaa kasoro yake kubwa.

Rodriguez alizaliwa Detroit tarehe 10 Julai 1942 katika familia yenye asili ya Mexico. Singo yake ya kwanza, ya mwaka 1967, haikufika mbali. Baadaye kidogo watayarishaji wawili, Mike Theodore na Dennis Coffey, walikwenda kumsikiliza katika baa moja iliyokuwa karibu na Mto Detroit. Coffey hakuwa mtu wa kubabaishwa na sauti nzuri, kwa kuwa alikuwa amepiga gitaa katika rekodi nyingi za Motown. Mbele ya kamera wanaukumbuka usiku ule: nje ukungu wa mto, ndani moshi wa sigara, na sauti ikitoka kwa mtu aliyekuwa amewapa wateja mgongo. Hawakuweza kumwona uso, wakabaki na maneno ya nyimbo tu. Yaliwatosha.

Clarence Avant, mwenye lebo ya Sussex, alimpa mkataba. Cold Fact ilitoka mwaka 1970, na Coming from Reality, iliyorekodiwa London chini ya mtayarishaji Steve Rowland, ikafuata mwaka 1971. Nyimbo zake zilihusu mitaa aliyoifahamu, yenye wauza dawa za kulevya, wanasiasa waongo, watu wasio na kazi na mapenzi yaliyoingia doa. Kuna gitaa jepesi mbele, na nyuma yake vinanda na ala za nyuzi zilizopangwa kwa ustadi. Waliozirekodi hawakuwa na shaka kwamba wameshika almasi. Soko la Marekani halikuona hivyo. Lebo ikaachana naye, na mwaka 1975 Sussex yenyewe ikafungwa.

Baada ya hapo Rodriguez alirudi kwenye kazi za mikono, kubomoa majengo na kukarabati nyumba kuukuu. Aliofanya nao kazi wanasimulia kwamba aliweza kufika penye vumbi na matofali akiwa amevaa suti ya sherehe. Alisoma falsafa katika Chuo Kikuu cha Wayne State, akagombea nafasi za uongozi katika jiji lake akashindwa, akalea mabinti watatu. Nyumba yake aliinunua kwa bei ya kutupa kwenye mnada wa serikali, akaishi humo kwa miongo mingi.

Wakati yeye akibeba kifusi, Cold Fact ilikuwa ikizunguka Afrika Kusini. Namna ilivyofika huko haijulikani kwa uhakika. Filamu inataja simulizi ya msichana wa Kimarekani aliyekuja kumtembelea mchumba wake na santuri mkononi, marafiki wakainakili kwenye kaseti mpaka ikaenea. Kilicho wazi zaidi ni sababu ya kupendwa kwake. Vijana Wazungu wa miaka ya 1970 walikuwa chini ya utawala wa makaburu uliodhibiti magazeti, redio na vitabu. Televisheni iliingia nchini mwaka 1976 tu. Wavulana walilazimika kwenda jeshini. Wasanii wengi wa nje waliigomea nchi hiyo, na kwa hiyo sauti yoyote ya mbali iliyopenya ilisikilizwa kwa masikio yote mawili. Kijana aliyezoea kuambiwa kwamba kuipinga serikali ni dhambi alimsikia mtu akiimba bila woga dhidi ya wakubwa. Willem Möller na Koos Kombuis, wanamuziki wa Kiafrikana waliokuja kuimba dhidi ya ubaguzi wa rangi katika miaka ya 1980, wanahojiwa kwenye filamu na kueleza jinsi nyimbo hizo zilivyowafungulia mlango.

Tukio linaloieleza hali hiyo vizuri kuliko hotuba yoyote linatokea katika maktaba ya santuri ya shirika la utangazaji la serikali, SABC. Mtunzaji anatoa nakala ya Cold Fact kutoka kwenye jalada lake na kuiinamisha kwenye mwanga. Juu ya wimbo uliokatazwa kuna mikwaruzo mirefu iliyochimbwa kwa kitu chenye ncha kali, ili hata mtangazaji akiuweka kwa bahati mbaya sindano isiweze kuupiga. Mkono wa mdhibiti unaonekana kwenye plastiki. Mwongozaji angeweza kuweka hapa mwanahistoria wa kueleza sheria za udhibiti kwa dakika tano, na bado asingefikia nguvu ya mikwaruzo ile.

Kuhusu msanii mwenyewe, mashabiki hawakuwa na kitu zaidi ya picha ya jalada, mtu mwenye nywele nyeusi, kofia na miwani ya giza. Pengo hilo likajazwa na uvumi. Wengine walisema alijimiminia mafuta na kujichoma moto jukwaani, wengine wakasema alijipiga risasi mbele ya watazamaji baada ya onyesho baya. Hakuna aliyeshangaa sana, maana wanamuziki wa roki waliokufa vijana walikuwa wengi.

Msako wenyewe ulianza katika miaka ya 1990. Stephen Segerman, muuza santuri wa Cape Town ambaye wenzake jeshini walimbandika jina la Sugar kwa sababu ya wimbo wa Rodriguez, aliandika maelezo ya toleo la CD la albamu ya pili na humo akauliza kama kuna mpelelezi yeyote wa mambo ya muziki anayeweza kumtafuta msanii huyo. Mwandishi wa habari Craig Bartholomew Strydom alikuwa akiliwaza jambo hilo hilo. Alijaribu kufuata fedha, akitumaini kwamba njia ya mrabaha itamfikisha kwa mwenye nyimbo au warithi wake, akakwama. Ndipo akayarudia mashairi yenyewe na kuanza kuokota majina ya miji. London na Amsterdam hazikumpa kitu. Dearborn, mji ulio ubavuni mwa Detroit, ulimfikisha kwa Theodore mwaka 1997. Strydom alimuuliza Rodriguez alikufaje. Akajibiwa kwamba mtu huyo yu hai, na anaishi pale pale Detroit. Siku zile Segerman alikuwa amefungua tovuti ya kumtafuta, na binti mkubwa wa Rodriguez, Eva, akaiona na kuwaandikia.

Hapo ndipo Bendjelloul anapomtoa mhusika wake. Rodriguez anaonekana kwanza dirishani mwa nyumba yake, akilifungua. Hakuna muziki wa kushtua wala maandishi makubwa, na haukuhitajika mshindo wowote, kwa kuwa mtazamaji ameshamwomboleza. Mzee huyo ni mkimya mno. Akiulizwa kuhusu miaka aliyoipoteza, anajibu kwa maneno machache na kunyamaza. Filamu inayomtegemea msemaji wa namna hiyo ingeweza kuanguka, lakini mabinti zake na mafundi aliofanya nao kazi wanamsemea vizuri, na ukimya wake unabaki kuwa sehemu ya tabia yake badala ya kuwa upungufu wa mahojiano.

Mwezi Machi 1998 alitua Afrika Kusini kwa ziara ya maonyesho sita. Katika ukumbi wa Velodrome huko Bellville, nje kidogo ya Cape Town, besi ilianza kupiga utangulizi wa wimbo wa I Wonder, watu maelfu wakapaza sauti na hawakunyamaza kwa dakika kadhaa, na mwimbaji akasimama tu akiwatazama. Wengine walikuwa na mashaka hadi dakika ile kama huyu ni yeye kweli au ni tapeli. Picha za ziara hiyo hazikupigwa na Bendjelloul, ambaye wakati huo alikuwa bado kijana wa miaka 20. Mwimbaji Tonia Selley, aliyekuwa katika kundi lililompigia Rodriguez, alikuwa ameshatengeneza filamu ya televisheni kuhusu safari hiyo, iitwayo Dead Men Don't Tour. Sifa nyingi za filamu ya mwaka 2012 zinapaswa kugawanywa na watu kama hao, waliokuwa na akili ya kubeba kamera siku yenyewe.

Bendjelloul aliikuta hadithi hii mwaka 2006. Aliacha kazi katika televisheni ya Sweden, akazunguka Afrika na kamera akitafuta jambo la kurekodi, na Cape Town akakutana na Segerman. Utengenezaji ulimchukua miaka kadhaa, sehemu kubwa bila mshahara. Kwa kuwa hapakuwa na picha za Detroit ya Rodriguez kijana, alichora mwenyewe mandhari za mitaa yenye mvua na taa hafifu na kuzifanya zitembee. Alitunga pia baadhi ya muziki wa kuunganishia matukio. Vipande kadhaa alivipiga kwa mkanda wa milimita 8. Fedha za mkanda zilipokwisha, aligundua programu ya iPhone ya dola moja hivi iliyotoa picha zenye chembechembe zile zile, akamalizia nayo. Mtayarishaji Simon Chinn, aliyekuwa ameshatwaa Oscar kwa Man on Wire, aliingia baadaye na kuisaidia ikamilike. Januari 2012 ilipata tuzo mbili katika tamasha la Sundance, na Februari 2013 ikashinda Oscar ya filamu bora ndefu ya hali halisi. Rodriguez hakwenda kwenye sherehe hiyo. Hakutaka kuwafunika waliotengeneza filamu.

Suala la fedha ndilo filamu inaloligusa kwa ukali zaidi. Mamia ya maelfu ya nakala ziliuzwa Afrika Kusini, na wauzaji wa huko wanasema walituma mrabaha Marekani. Kamera inamfuata Avant nyumbani kwake. Anaanza kwa upole, akimsifu Rodriguez kama mmoja wa wasanii bora aliowahi kufanya nao kazi. Swali la fedha linapoulizwa, uso unabadilika na sauti inapanda. Filamu inaishia hapo bila nyaraka wala hesabu, na hilo ni dosari, maana mtazamaji anaachiwa hasira bila ushahidi wa kutosha wa kuamulia. Baadaye mikataba ya Rodriguez ilifikishwa mahakamani Marekani.

Dosari kubwa zaidi ni Australia. Nyimbo za Rodriguez zilipendwa huko pia, mkusanyo wa nyimbo zake ulitolewa mwaka 1977, na yeye mwenyewe alikwenda kufanya maonyesho mwaka 1979 na kurudi tena mwaka 1981 pamoja na bendi ya Midnight Oil. Kwa hiyo hakuishi miaka yote ile bila kujua kwamba kuna watu ng'ambo wanaoziimba nyimbo zake. Filamu haitaji ziara hizo hata kwa sentensi moja. Inaweza kutetewa kwamba mashabiki wa Cape Town hawakuzijua, na filamu imekubali kuona kwa macho yao. Utetezi huo una uzito katika nusu ya kwanza. Katika nusu ya pili, Rodriguez akiwa ameshaketi mbele ya kamera na maisha yake yakisimuliwa na watoto wake, haufai tena, kwa sababu mtazamaji anaaminishwa kwamba kati ya 1971 na 1998 palikuwa na ukimya mtupu.

Pengo jingine halizungumzwi sana ingawa liko wazi kwenye picha. Karibu wote wanaohojiwa Afrika Kusini ni Wazungu, na hivyo hivyo umati wa maonyesho ya 1998. Filamu inaposema kwamba albamu hii ilimfikia kila mtu nchini, inazungumzia sehemu ndogo ya wananchi. Waafrika walio wengi walikuwa na nyimbo zao za mapambano na wasanii wao waliofungwa au kukimbilia uhamishoni, nao hawamo. Sentensi chache zingetosha kuliweka jambo hilo mahali pake, na uasi wa vijana wale wa Kizungu ungeeleweka vizuri zaidi ukipimwa karibu na mapambano hayo.

Bendjelloul alifariki Stockholm mwezi Mei 2014 akiwa na umri wa miaka 36, na hakuacha filamu nyingine ndefu. Mwaka 2015 Segerman na Strydom walichapisha kitabu chao kuhusu msako huo na maisha ya Rodriguez. Filamu ilimrudisha msanii kwenye kumbi kubwa za Ulaya na Marekani alipokuwa amevuka miaka 70 na macho yake yameanza kufifia, na albamu zake mbili zikauzwa kwa wingi katika nchi iliyozikataa. Aliendelea kuishi Detroit hadi alipofariki tarehe 8 Agosti 2023, akiwa na miaka 81.