Kitachoni si 'Kibukusu kilichopinda': Tongaren na lugha zinazoyeyuka kimyakimya

Ukipanda matatu kutoka Kitale kuelekea Naitiri, tega sikio. Konda ataita abiria kwa Kiswahili, mama mwenye kuku atajibu kwa Kibukusu, mzee wa kiti cha nyuma atachangia kwa Kitachoni, na vijana wawili pale dirishani watakuwa wakipiga stori kwa Sheng. Wote wataelewana. Hiyo ndiyo raha ya Tongaren. Lakini ndani ya raha hiyo hiyo lugha ndogo inaweza kupotea bila mtu yeyote kupiga nduru.

Tongaren iko Kaunti ya Bungoma, ikipakana na Trans Nzoia. Enzi za ukoloni, sehemu hii ilikuwa ya mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu. Uhuru ulipokuja, mashamba yakakatwa vipande na kugawiwa wananchi kupitia skimu za makazi. Wabukusu walikuja, Watachoni wakaja, Wakabras na Wamaragoli pia. Kwa hivyo jirani yako wa ng'ambo ya ua huenda anaongea tofauti na wewe tangu babu zenu walipopimiwa ploti.

Watu wa nje huweka hizi zote kapu moja na kuziita 'Kiluhya'. Sensa ya 2019 ilihesabu Waluhya zaidi ya milioni 6.8, na ukisikia idadi hiyo unadhani hakuna cha kuhofia. Kumbe ndani ya kapu mna lugha zaidi ya kumi na tano, na si zote zina nguvu sawa.

Sikiliza tu jinsi watu wanavyojiita. Mbukusu atakwambia wao ni Babukusu. Mtachoni atasema Abatachoni. Mmaragoli naye atasema Avalogooli. 'Watu' kwa Kibukusu ni babandu, kwa Kiwanga ni abandu, kwa Kilogooli ni avandu. Tofauti ni ndogo, lakini ndiyo inayomfanya mzee ajue umetoka upande gani kabla hujamaliza sentensi ya kwanza.

Je, ni lugha au lahaja?

Swali hili lina historia. Katika miaka ya 1940 kuliundwa kamati ya lugha ya Kiluhya, na miongoni mwa waliokuwa mbele alikuwa mmishonari L. L. Appleby. Lengo lilikuwa kuandika Kiluhya kimoja sanifu ambacho kila mtu angesoma shuleni na kanisani. Wabukusu na Wamaragoli walikuwa miongoni mwa waliokataa kata kata. Kila upande uliona lugha yake inamezwa. Hadi leo hakuna Kiluhya kimoja ambacho watu wote hukizungumza nyumbani.

Wabukusu walikuwa wengi, kwa hivyo waliposema 'hapana' walisikika. Leo Kibukusu kina hata redio yake, Sulwe FM. Kitachoni je? Wasemaji wake ni wachache, wamezungukwa na Wabukusu, na lugha zenyewe zinakaribiana sana. Mtoto wa Kitachoni anaweza kuhamia Kibukusu bila hata kugundua. Na akichekwa darasani kwamba anaongea 'Kibukusu kilichopinda', atahama haraka zaidi.

Usidhani hili ni jambo geni. Simulizi za wazee na kazi za wanahistoria huwahusisha Watachoni na jamii za Kikalenjin. Maana yake ni kwamba huenda baadhi ya mababu wa Watachoni walishawahi kubadilisha lugha mara moja. Ikiwa Kitachoni nacho kitayeyuka, itakuwa mara ya pili.

Jina limebaki, wasemaji wako wapi?

Mfano ulio karibu zaidi uko kwenye jina la kaunti yenyewe. Maelezo yanayotajwa mara nyingi ni kwamba 'Bungoma' inatokana na Wabong'om, au Bong'omek, mojawapo ya jamii za Sabaot pamoja na Wakony na Wabok. Wakony nao ndio waliouachia Mlima Elgon jina lake. Lakini Wabong'om wengi leo wanaongea Kibukusu. Jina lao liko kwenye kila stakabadhi ya kaunti na kwenye vibao vya barabarani, ilhali lugha yenyewe ukiitafuta mjini Bungoma utatembea sana.

Hakuna aliyewapiga marufuku. Waliishi na majirani, wakaoana, wakafanya biashara, na lugha ya walio wengi ikawa ndiyo rahisi. Mara nyingi tunalaumu Kiingereza kwa kila kitu, lakini lugha ndogo humezwa pia na lugha ya jirani anayekusalimia kila asubuhi kwa roho safi.

Mbali kabisa, kwenye mipaka ya Thailand, Kambodia na Laos, kuna watu wanaojiita Kuy, wanaojulikana tangu zamani kwa ufundi wa kufuga ndovu. Jina lao lenyewe lina maana ya 'watu', kama vile babandu. Lugha yao ina lahaja kadhaa. Wapo wanaotamka Kuy na wapo wanaotamka Kuay. Vijana wao wengi siku hizi wanahamia Kithai, Kilao au Kikhmer, yaani lugha za majirani na za shule. Ukiwaweka Tongaren, wangeielewa stori yetu mara moja.

Kinachopotea ni nini hasa?

Chukua neno 'anko'. Mtaani, anko ni kaka wa mama, kaka wa baba, rafiki wa baba, hata dereva wa boda. Kwa Kibukusu, kaka wa mama ni khocha, na khocha ana kazi yake. Kwenye tohara za Agosti, kila mwaka unaogawika kwa mbili, mvulana huenda kwa khocha kupewa luliki, kipande cha nyama ya fahali anachovishwa shingoni. Vivyo hivyo, dada wa baba ni senge, naye si 'anti' wa hivi hivi tu. Ukipoteza neno, unaanza kusahau nani alikuwa na wajibu gani kwako.

Sheria iko upande wetu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za Wakenya. Hata kabla ya hapo, ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Shida ni kwamba katika darasa la Tongaren lenye Mbukusu, Mtachoni na Mmaragoli, 'lugha ya eneo' mara nyingi itakuwa ya walio wengi. Shule haiwezi kubeba mzigo huu peke yake.

Kwa hivyo kazi inarudi nyumbani, na kwa bahati nzuri haihitaji bajeti. Ukienda ushago Desemba hii, washa rekoda ya simu, keti na kukhu, umuombe akutajie majina ya miti, ya ng'ombe kwa rangi zao, ya koo na ya mito. Muulize pia majirani walisema vipi zamani. Fungua grupu ya WhatsApp ya familia ambamo Kitachoni kinaandikwa bila mtu kusahihishwa kwa dharau. Na kama wewe ni Mbukusu na mwenzako anaongea 'kwa kupinda', usimcheke. Hajakosea, anaongea lugha yake.