Kazi Haipimwi kwa Kurasa

Miaka minne iliyopita nilijinunulia daftari la kuhesabia kazi zangu. Kila jioni, baada ya sala ya Magharibi, nikiketi barazani nikaandika: leo makala mbili, leo beti kumi, leo kurasa tano. Mwisho wa mwezi nilijumlisha, na hesabu ilipopanda nilijiona mtu wa maana.

Siku hizo hizo mwalimu wangu wa chuoni, mzee aliyenifundisha alifu na be, aliniletea salamu. Alitaka niende nikamwandikie mashairi yake, kwani yote alikuwa nayo kichwani na macho yalikuwa yamekwisha nuru. Nilimjibu kwamba nitakuja inshallah, kazi zikipungua. Ama kwa hakika, kazi ile haikuwa na mahali katika daftari langu. Mashairi hayakuwa yangu, wala hapakuwa na mhariri aliyeyangoja. Nilikwenda siku ya maziko.

Usiku wa hitima nilikumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyotupima. Tuliandika aya kwa wino juu ya ubao, naye hakuuliza tumejaza mbao ngapi. Alituamuru tuuoshe ubao, kisha akasema: "Haya, soma." Kilichosalia kifuani baada ya maji kupita, hicho ndicho kilichokuwa kazi ya siku ile. Aliyekwama alirudia aya ile ile, hata kama mwenziwe yuko juzuu ya kumi.

Watazame na washairi wetu. Utenzi wa Rasi 'lGhuli una beti zaidi ya 4,000. Ule ambao Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia bintiye mnamo 1858, hali ni mgonjwa, una beti 102 tu. Kwa daftari langu, bibi huyu angeonekana mvivu. Lakini alijua anamtungia nani na kwa nini, na maji ya zaidi ya miaka 160 hayajaufuta utenzi wake.

Sisemi kuhesabu ni kubaya. Mvuvi hupima samaki wake, na mhariri hutaka maneno yatimie. Lakini hesabu hujibu swali la kiasi gani. Haijibu ni nani aliyefaidika, wala ni kipi kitakachosalia.

Daftari ningali nalo, ila nimebadili maswali. Kila Alhamisi jioni najiuliza matatu: Nani amefaidika na kazi yangu wiki hii? Nimejifunza nini niwezacho kukisema bila ya kutazama? Na ni nani anayeningoja?

Swali la tatu ndilo zito, nawe msomaji nakusihi ujiulize kabla ya mengine yote. Mimi nimelijua kwa kuchelewa. Katika mashairi yote ya mwalimu wangu nimebakiwa na ubeti mmoja, nao nimeusahau mshororo wa mwisho.