Udongo, Nguo na Viatu: Sayansi ya Mavazi ya Bustanini

Kazi ya bustani ni kazi ya udongo, na udongo si uchafu mtupu. Ndani yake mna chembe za madini, mabaki ya mimea na wanyama, maji, hewa, na viumbe wengi wasioonekana kwa macho. Baadhi ya vitu hivyo huulisha mmea; vingine, vikipata njia ya kuingia mwilini, humdhuru mkulima. Kwa hiyo mavazi ya bustanini yana kazi mbili: kumkinga mvaaji, na kuzuia uchafu wa shambani usiingie nyumbani. Katika shule nyingi za Tanzania wanafunzi hulima bustani za mboga na migomba, na aghalabu huingia humo na nguo kuukuu yoyote iliyo karibu, tena miguu mitupu. Yafaa ielezwe kwa nini uchaguzi wa nguo na viatu, pamoja na namna ya kuvisafisha, ni suala la sayansi na la afya pia.

Mguu mtupu na udongo wenye unyevu

Minyoo ya safura huishi katika utumbo mdogo wa binadamu, ambamo hujishikiza na kunyonya damu. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi. Yakiangukia udongo wenye joto, unyevu na kivuli, huanguliwa kwa siku moja au mbili, na baada ya siku 5 hadi 10 hivi mabuu huwa tayari kumwingia mtu. Mabuu hayo hayahitaji kidonda. Hupenya ngozi nzima ya mguu, hasa baina ya vidole, yakafuata mkondo wa damu hadi mapafuni, yakapanda kooni, kisha yakamezwa na kufika utumboni. Mtaalamu wa Kijerumani, Arthur Looss, aliitambua njia hii huko Cairo mwaka 1898, baada ya kumwagikiwa mkononi kwa bahati mbaya na maji yenye mabuu. Ngozi yake iliwasha, na baadaye mayai ya safura yakaonekana katika choo chake.

Mwenye safura nyingi hupungukiwa na damu, akachoka upesi na kushindwa kuyazingatia masomo. Huenda akadhaniwa kuwa ni mvivu, kumbe ni mgonjwa.

Hatari ya pili ni pepopunda. Spora za bakteria wake hudumu udongoni miaka mingi, na hustawi mahali pasipo hewa, kama vile ndani ya kidonda kirefu cha msumari au mwiba. Kinga yake kuu ni chanjo. Kiatu chenye soli ngumu hupunguza nafasi ya kuchomwa. Hatari ya tatu ni funza, mdudu wa urefu wa milimita 1 hivi, apendaye vumbi na mchanga mkavu. Asili yake ni Amerika. Inasemekana kuwa alifika Angola kwa meli mwaka 1872, na kabla ya karne ile kwisha alikwisha kulivuka bara hadi pwani ya mashariki.

Kuchagua viatu

Kwa kazi ya matope, gambuti ndizo zifaazo zaidi, kwa kuwa hazipitishi maji na hufunika mguu hadi chini ya goti. Kasoro yake ni kwamba hazipitishi jasho pia. Mguu uliolowa jasho kwa saa nyingi huota ukungu baina ya vidole. Hivyo ni vema kuvaa soksi za pamba na kuzifua kila baada ya kazi. Viatu vya ngozi hufaa kwenye ardhi kavu yenye mawe na miiba. Katambuga, zishonwazo kwa mpira wa magurudumu ya gari, huzuia miba na misumari kwa bei nafuu, lakini huacha wazi vidole na ubavu wa mguu, na matope huweza kupanda. Ni bora kuliko miguu mitupu, ila mvaaji anawe miguu kwa sabuni mara amalizapo kazi.

Kuchagua nguo

Uzi wa pamba umeumbwa kwa selulosi, ambayo hupokea maji kwa urahisi. Katika hewa ya kawaida pamba huweza kushika unyevu wa kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake, ilhali poliesta haifikii hata asilimia 1. Kwa sababu hiyo nguo ya pamba hunywa jasho na kulipeperusha, na mwili ukapoa. Zaidi ya hayo, pamba iliyolowa huwa na nguvu kuliko iliyokauka, hivyo hustahimili kusuguliwa wakati wa kufuliwa. Kitambaa cha kaki kilichofumwa kwa kubanana, chenye mikono mirefu, huzuia miiba, jua na wadudu.

Sifa hiyo hiyo ya kunywa maji hugeuka kuwa hatari wakati wa kunyunyiza dawa za wadudu, maana pamba hushika dawa na kuiweka karibu na ngozi. Baadhi ya dawa hizo hupenya ngozi na kuvuruga kazi ya mishipa ya fahamu. Katika kazi hiyo yahitajika vazi la juu lisilopitisha maji, glavu za mpira, na suruali iliyoteremshwa nje ya gambuti ili dawa isitiririkie ndani.

Kufua

Matope mabichi yasisuguliwe. Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo kuliko milimita 0.002, na kuzisugua zikiwa mbichi ni kuzisukuma ndani ya nyuzi. Yaachwe yakauke, yapigwe kwa brashi, ndipo nguo ilowekwe.

Molekuli ya sabuni ina ncha mbili: moja hupenda maji, nyingine huyakimbia na kushikamana na mafuta. Molekuli nyingi huizunguka chembe ya uchafu wenye mafuta, zikaing'oa na kuielea ndani ya maji. Lakini katika maji magumu, yenye chumvi za kalsiamu na magnesiamu, sabuni huungana na chumvi hizo na kufanya utando mweupe usiosafisha kitu. Magadi, kama yale ya Ziwa Natron nchini Tanzania na Ziwa Magadi nchini Kenya, yana sodiamu kabonati, ambayo huigeuza kalsiamu kuwa mashapo na kuyalainisha maji. Magadi yasitumiwe kwa sufu wala hariri, kwa kuwa huziharibu.

Wekundu wa udongo hutokana na oksidi za chuma. Dawa za klorini haziondoi doa hilo, bali huweza kulikoleza. Maji ya limau husaidia, kwani asidi yake huyeyusha chuma kidogo kidogo. Utomvu wa mgomba ni jambo jingine: huwa hauna rangi unapodondoka, kisha huungana na oksijeni ya hewa na kuwa kahawia. Ukiwahiwa kabla haujakauka hutoka. Ukichelewa, doa hudumu.

Nguo zilizotumika kunyunyizia dawa zifuliwe peke yake, siku ile ile, kwa maji ya moto na sabuni, na mfuaji avae glavu. Maji yake yasimwagwe karibu na kisima.

Kuanika

Nguo zianikwe juani, juu ya kamba, si chini. Yuko nzi wa Afrika, Cordylobia anthropophaga, atagaye mayai kwenye mchanga na katika nguo zenye unyevu. Mabuu yake hupenya ngozi ya mvaaji na kufanya jipu. Pasi ya moto, ikipitishwa kotekote hasa kwenye pindo, huyaua mayai hayo.

Viatu vya ngozi vioshwe kwa kitambaa chenye maji kidogo, vijazwe magazeti na kukaushwa kivulini. Vikiwekwa karibu na moto, ngozi hukakamaa na kupasuka. Gambuti nazo zikaushwe kivulini, zikiwa zimepinduliwa, kwani jua kali na mafuta ya mitambo huuchakaza mpira.

Jaribio la darasani

Zichukuliwe chupa tatu zenye ujazo sawa: ya kwanza iwe na maji ya kisima, ya pili maji ya kisima yaliyotiwa magadi kidogo kisha kuachwa yatuame na kumiminwa, na ya tatu maji ya mvua. Katika kila chupa yadondoshwe maji ya sabuni ya kipande, tone baada ya tone, huku chupa ikitikiswa, mpaka povu lidumu kwa dakika 1. Idadi ya matone iandikwe na kulinganishwa. Sabuni ya unga isitumike, kwa sababu nyingi za aina hiyo hutoa povu hata katika maji magumu. Wanafunzi wakisha kupata matokeo, waweza kukadiria ni kiasi gani cha sabuni ambacho shule yao hupoteza kila inapofua nguo za bustani.