Siku Re Alipokalia Kiti

Sogeeni, wanangu, niwasimulie habari za ndugu saba wa nyumba moja: do, re, mi, fa, so, la na ti. Aliyewahi kuimba kwaya anawajua. Mara nyingi kiti cha mkubwa hukikalia do. Wimbo hutoka kwake, ukazunguka, ukarudi kwake kupumzika. La akikikalia, huzuni huingia nyumbani. Hiyo ndiyo skeli ya maina.

Leo tumkalishe re.

Tafuteni kinanda. Vitufe vyeusi vimepangwa viwili viwili na vitatu vitatu. Cheupe kilicho katikati ya vile viwili ni D, na ndiye re wetu. Pandeni kwa vitufe vyeupe vitupu mpaka D ya juu. Mmesikia? Huzuni ipo, ila si ya kilio. Ni ya msafiri wa jioni anayewaza kwao. Skeli hii huitwa Doriani.

Siri yake ni hatua ya sita. Katika maina ya kawaida ya D, hatua hiyo huangukia kitufe cheusi, B iliyoshushwa nusu toni. Katika Doriani ni B nyeupe, yaani ti. Pigeni ile nyeusi, halafu nyeupe, polepole, hata mara kumi. Ni nusu toni tu, lakini ni kama mtu amefungua dirisha chumbani.

Kuitumia nako kuna adabu zake. Mkono wa kushoto ushikilie D bila kuiachia, wa kulia utembee unakotaka, ukawie kidogo kwenye B, kisha ushuke D. Mkizoea kumalizia kwenye do, re ameshanyang'anywa kiti, na Doriani yenu imetoweka.

Machi 1959, jijini New York, mpiga tarumbeta Miles Davis alirekodi wimbo wa Doriani, "So What". Besi ya Paul Chambers inauliza, piano ya Bill Evans inajibu. Mzunguko wake una vipimo 32, kila kimoja hesabu nne: 16 Doriani ya D, 8 Doriani iliyopandishwa nusu toni, 8 kurudi D. Vipimo 16 bila kuhama! Mpigaji ana nafasi ya kupumua na kuwaza, na mimi naupenda kwa hilo hasa.

Utafuteni muusikilize, kidole kikiwa juu ya D.