Injini Mpya za Ndege na Viwanja vya Vumbi vya Tanganyika

Atakayeitazama vizuri Cessna Caravan inapotua kwenye kiwanja cha udongo ataona jambo lisilo la kawaida: bomba la moshi liko mbele, chini ya pua, karibu kabisa na rafadha. Magari na pikipiki hutolea moshi nyuma. Injini ya Caravan, iitwayo PT6, imepangwa kinyume. Hewa huingizwa hadi nyuma ya injini, hugeuka na kuanza safari ya kuelekea mbele, hubanwa, huchomwa pamoja na mafuta, kisha huzungusha turbini mbili zisizoungana. Moja huendesha kompresa, na ya pili huzungusha rafadha kupitia gia. Safari ya hewa inaishia mbele, ndiyo maana moshi nao hutokea huko.

Kampuni ya Pratt & Whitney Canada iliirusha injini hiyo kwa mara ya kwanza Mei 1961, na hadi leo imekwisha kutengeneza zaidi ya 50,000. Katika mkoa wa Tanganyika, mashariki ya Kongo, ndege za namna hii ni uhai. Kalemie iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Moba iko kusini zaidi, na juu yake kuna Kirungu, misheni ya zamani ya Mapadri Weupe iliyojulikana enzi za Wabelgiji kwa jina la Baudouinville. Masika yakikaza, barabara hukatika na ziwa huchafuka. Hapo chanjo, mgonjwa mahututi au mhandisi wa maji husubiri ndege ndogo.

Caravan hunywa karibu lita 200 za mafuta kwa saa. Kila lita ikiungua huacha angani takriban kilo mbili na nusu za hewa ya ukaa, kwa hiyo saa moja ya safari huacha nusu tani. Ukizijumlisha ndege zote duniani, kubwa na ndogo, unafikia kama asilimia 2.5 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Mwaka 2022 nchi wanachama wa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ziliweka lengo kwamba kufikia 2050 usafiri huo wa kimataifa usiongeze tena hewa hiyo angani. Kazi kubwa imewaangukia wahandisi wa injini.

Kanuni wanayoifuata inaeleweka kwa urahisi na yeyote aliyewahi kupiga kasia ziwani. Kasia pana linalosukuma maji mengi polepole humchosha mtu kidogo kuliko kijiti kinachochapwa kwa kasi, ingawa mtumbwi unasogea umbali uleule. Injini za kwanza za jeti zilikuwa upande wa kijiti. Comet ya shirika la BOAC, ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa ratiba ya kawaida, ilianza Mei 1952 kutoka London hadi Johannesburg, ikitua pia Entebbe. Hewa yote iliyoingia kwenye injini zake ilipita katika moto na kutoka nyuma kwa kasi kali. Ilikwenda mbio, lakini ilikula mafuta vibaya.

Tangu hapo historia ya jeti imekuwa ya kupanua kasia. Feni kubwa iliwekwa mbele, na sehemu kubwa ya hewa ikapitishwa kando bila kuchomwa. Katika injini za Airbus A220, hewa inayopita kando ni karibu mara 12 ya ile inayoingia motoni. Humo Pratt & Whitney waliweka gia kati ya turbini na feni, ili turbini izunguke kwa kasi inayoifaa na feni izunguke kwa karibu theluthi moja tu ya kasi hiyo. Waliahidi akiba ya takriban asilimia 16 ya mafuta, pamoja na kelele kidogo.

Wasomaji wa Tanzania wanazifahamu injini hizo kwa sababu nyingine. Air Tanzania ilipokea A220-300 yake ya kwanza Desemba 2018, ikiwa ya kwanza barani Afrika kuwa nayo. Kufikia mwishoni mwa 2022 shirika lililazimika kueleza umma kwa nini baadhi ya ndege hizo zilikuwa zimeegeshwa: vipuri vya injini vilichakaa kabla ya muda uliotarajiwa, na injini mbadala hazikupatikana. Mashirika mengine duniani yalikumbwa na shida hiyohiyo. EgyptAir iliamua mwaka 2024 kuziuza A220 zake zote 12. Hili lingepaswa kubadili namna tunavyohesabu ubora wa injini. Akiba ya asilimia 16 inapatikana angani tu, na ndege iliyoegeshwa ikisubiri vipuri haiokoi hata lita moja.

Kwa nini injini mpya huchakaa haraka kuliko PT6? Sababu moja ni joto. Kadiri moto ulivyo mkali ndivyo kila lita inavyotoa kazi zaidi, na wahandisi wameusukuma hadi gesi inayozipiga pangaboi za turbini inazidi joto la kuyeyusha chuma chake. Pangaboi hizo haziyeyuki kwa sababu zimetobolewa vitundu vidogo vinavyopitisha hewa ya kupoza na kupakwa ngozi nyembamba ya kauri. Adui wa ngozi hiyo ni vumbi. Mchanga laini wenye silika, kalsiamu na alumini huyeyuka ndani ya injini, hugeuka kioo, hupenya kwenye kauri na kuibandua. Maabara za Marekani na Ulaya zimelifanyia kazi tatizo hili kwa miaka mingi, na GE Aerospace imefikia hatua ya kuimwagia injini yake kubwa ya GE9X vumbi kwa makusudi ili kupima uvumilivu wake. Majaribio ya namna hiyo ndiyo yanayotuhusu zaidi sisi tunaotua kwenye udongo.

Chuma chenyewe kina historia na Katanga, jimbo ambalo Kalemie na Moba zilikuwa sehemu yake hadi mgawanyo wa 2015. Aloi nyingi zinazostahimili moto wa turbini huchanganywa na kobalti. Mei 1978 waasi walipoingia Kolwezi wakati wa vita vya pili vya Shaba (jina la Katanga wakati huo), Zaire, yaani Kongo ya leo, ndiyo iliyoongoza duniani kwa kobalti. Hofu ilitanda, bei ikapanda mara kadhaa, na viwanda vya injini vikahangaika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 NASA ilianzisha mpango maalumu wa utafiti uliolenga kupunguza matumizi ya kobalti na madini mengine adimu katika injini za ndege. Risasi za Kolwezi zilibadilisha mapishi ya chuma huko Ohio, iliko maabara ya NASA. Hata hivyo, viwanja vya nyumbani kwa madini hayo vimeendelea kuhudumiwa na ndege zilizochoka, na hilo linauma.

Kwa Kirungu, utafiti wa kufuatiliwa ni ule wa injini ndogo za rafadha. GE imetengeneza mpya kabisa iitwayo Catalyst, ambayo baadhi ya sehemu zake zimechapwa kwa printa za vyuma: vipande 855 vya kawaida vimegeuzwa kuwa 12 tu. Iliruka kwa mara ya kwanza Septemba 2021 huko Berlin, na mwanzoni mwa 2025 ikapata idhini ya mamlaka ya anga ya Marekani. Watengenezaji wanasema inatumia mafuta pungufu kwa hadi asilimia 18 ikilinganishwa na washindani wake. Catalyst ni kubwa mno kwa Caravan, lakini tuchukulie kwamba akiba hiyo siku moja itafika kwenye injini ya saizi yake. Kutoka Lubumbashi hadi Moba na kurudi ni karibu saa nne angani. Zinaokolewa lita zipatazo 140, zaidi ya kilo 110. Pasipo na mafuta ya kuuzwa mwisho wa safari, rubani hubeba ya kurudia tangu alikotoka, na kila kilo ya mafuta humng'oa abiria au boksi la dawa. Kilo 110 ni mgonjwa mmoja pamoja na mtu wa kumwangalia njiani, ikiwa wote ni wembamba.

Umeme nao umejaribiwa kwenye Caravan yenyewe. Mei 2020, huko Moses Lake nchini Marekani, kampuni ya magniX iliirusha kwa dakika 30 ikiwa na mota ya nguvu za farasi 750. Kikwazo ni uzito: kilo moja ya mafuta ya ndege hubeba nishati mara hamsini hivi zaidi ya kilo ya betri nzuri ya leo. Kalemie hadi Moba ni kilomita kama 140 kwa mstari ulionyooka, umbali unaokaribia kabisa kikomo cha ndege ya namna hiyo, na sheria hudai akiba ya kutosha ya kufika kiwanja kingine. Hata hivyo mkoa huu una sababu ya kufuatilia. Manono, ndani ya mkoa huohuo, ina mwamba wa lithiamu unaohesabiwa miongoni mwa mikubwa zaidi duniani, na umeme wa Kalemie hutoka kwenye maporomoko ya mto Kiymbi, kituo cha Bendera, bila kuchoma dizeli.

Njia ya tatu ni kubadili mafuta na kuiacha injini ilivyo. Mei 2023 Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi hadi Amsterdam kwa Boeing 787 iliyochanganyiwa mafuta yaliyotengenezwa na kampuni ya Eni kutokana na mabaki ya mafuta ya mimea na taka, na Eni imejenga kiwanda cha kukamua mbegu huko Makueni. Hapa tahadhari inahitajika. Pwani ya Ziwa Tanganyika ni nchi ya mawese, na mawese ni chakula. Mafuta yaliyokwisha kutumika kukaangia yanaweza kwenda angani. Michikichi mipya iliyopandwa kwa kukata msitu haifai.

Huko mbele zaidi, GE na Safran walitangaza Juni 2021 mradi wa RISE: feni iliyo wazi, isiyo na ganda, kwa lengo la kupunguza mafuta kwa zaidi ya asilimia 20. Kwa macho, ni rafadha iliyorudi, yenye mapanga mengi yaliyopinda. Wanalenga kuifikisha sokoni katikati ya miaka ya 2030, kwa ndege zinazobeba zaidi ya watu mia moja. Wakati huo PT6 bado itakuwa ikitua Moba. Kwa hiyo hatua ya karibu haihitaji maabara: ghala salama la mafuta ya ndege kwenye viwanja vidogo, yaliyoletwa kwa meli kupitia ziwa, lingemwezesha rubani kuacha kubeba mafuta ya kurudia, na ndege ileile ya leo ingechoma kidogo zaidi huku ikibeba wagonjwa zaidi.