Upatanisho wa Kisarufi katika Ujumbe wa Kompyuta: Mfano wa Kihariri cha Vim

Makala hii inaeleza namna ujumbe wa kihariri matini unavyoweza kuboreshwa ili uafikiane na sarufi ya Kiswahili. Mfano unaotumika ni Vim, kihariri kilichotolewa mwaka 1991 na Bram Moolenaar wa Uholanzi. Kihariri hicho si kigeni kabisa katika ukanda huu: badala ya kudai malipo, Moolenaar aliwaomba watumiaji wawachangie watoto wa Kibaale, kusini mwa Uganda. Hata hivyo, katika orodha ya lugha ambazo ujumbe wa Vim umetafsiriwa, Kiafrikana kimo, Kiswahili hakimo.

Vim ina lugha yake ya kuandikia programu. Amri ya echo huonyesha maneno chini ya skrini, nayo hufutika skrini inapochorwa upya. Echomsg huyahifadhi pia, yaweze kusomwa baadaye. Mwaka 2022 iliongezwa echowindow, ambayo huuweka ujumbe katika dirisha dogo linalotoweka lenyewe. Maboresho hayo yanahusu mahali na muda. Maneno yenyewe ndiyo magumu zaidi.

Waandishi wa programu aghalabu huunga ujumbe kwa vipande, wakiacha pengo la kujazwa na jina. Kauli "haikupatikana" inafaa pengo likijazwa na "amri". Likijazwa na "neno", kitenzi kinadai "halikupatikana"; "mstari" unadai "haukupatikana", na "kitufe" kinadai "hakikupatikana". Katika Kiingereza kauli moja hutosha kwa majina yote hayo. Katika Kiswahili, jina ndilo linalotawala kitenzi, na pengo moja huzaa makosa mengi. Neno "faili" lina utata wake: wapo wasemao "faili imefutwa" na wasemao "faili limefutwa". Mfasiri hana budi kuchagua moja na kudumu nalo. Njia salama ni kuandika sentensi kamili kwa kila jina, ijapokuwa kazi huongezeka.

Idadi nayo ina mtego wake. Mfumo wa gettext, ambao Vim huutumia, huweka umbo la umoja na la wingi: "Mstari 1 umefutwa", "Mistari 3 imefutwa". Kanuni iliyozoeleka kwa Kiswahili hutenga 1 na idadi nyingine zote, hivyo sifuri huangukia wingi: "Mistari 0 imefutwa". Msemaji wa kawaida hasemi hivyo. Husema "Hakuna mstari uliofutwa". Kanuni za gettext zinaruhusu umbo la tatu, nalo lafaa kutumiwa.

Mpangilio wa maneno una nafuu. Tangu mwaka 2023, printf ya Vim hukubali vipengele vyenye namba, hivyo mfasiri anaweza kutanguliza kipengele cha pili: "Katika mistari 2, maneno 3 yamebadilishwa". Mwaka 2024 programu za nyongeza nazo ziliwezeshwa kuwa na mafaili yao ya tafsiri, bila kusubiri tafsiri ya kihariri chenyewe.

Kuna sehemu moja isiyopasa kuguswa. Kila ujumbe wa kosa huanza na alama kama E492, na alama hiyo ndiyo mtumiaji huitafuta katika mwongozo. "E492: Hii si amri ya kihariri" ni tafsiri inayofaa, yenye alama iliyobadilishwa humnyima msomaji njia ya kufikia maelezo.