Ndimu Tano za Darajani

Mama alikuwa na namna yake ya kunituma. Fedha anazitia kiganjani mwangu, anakifumba kwa mkono wake kama anayefunga kitasa, kisha anasema: "Nenda urudi. Usije ukaota mizizi barazani kwa watu." Tulikaa Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, na toka mlangoni kwetu mpaka soko la Darajani ni mwendo wa dakika chache kwa mtu asiyejulikana. Mimi nilikuwa najulikana. Alasiri hiyo nilitumwa ndimu tano. Changu wawili walikuwa wamekwisha kutiwa chumvi, wanangoja.

Sikupiga hatua ishirini, nikafika baraza ya kwanza.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na mjomba wako keshakuja kutoka Pemba?"

"Bado. Kesho, kwa meli."

"Haya. Unakwenda wapi?"

"Darajani. Ndimu."

"Ndimu za nini?"

"Za samaki."

"Samaki gani?"

Wazee wawili waliokaa pembeni yake walikuwa wameshaacha mazungumzo yao ili wasikie jibu. Nikasema changu. Ukazuka mjadala wa bei ya changu, na kama changu anataka ndimu au anataka ukwaju, na mmoja akaapa kwamba mkewe wa kwanza hakupata kumkaanga changu bila ukwaju. Hatimaye nikaachiwa: "Mpe mama salamu." Nami nikajibu kama tunavyojibu Unguja: "Zimefika." Bado nimesimama palepale mbele ya aliyenipa, salamu hazijasogea hata shubiri, na zimefika! Utotoni nilidhani ni uongo wa adabu tu. Siku hizi naona ni ahadi: mtu akikupa salamu, ukisema zimefika umekwisha kuzibeba.

Baraza ninayoisimulia ni ile ya mawe: benchi la matumbawe na chokaa lililojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, kushoto na kulia kwa mlango, na mara nyingine likafuata ukuta wote mpaka pembeni mwa njia. Aliyeijenga alikuwa na shida yake mahsusi. Nyumba ya mji ina sitara, ndani mna wanawake, na mwenye nyumba hataki kila anayemjia avuke kizingiti. Hataki pia kumfukuza mgeni. Basi akamwekea kiti nje, ukutani kwake. Watu wa Lamu wana daka, sehemu iliyoingia ndani kidogo kwenye mlango wa mbele, yenye viti vyake vya mawe huku na huku. Kazi ni ileile. Masika yakija, njia zetu nyembamba hugeuka mifereji, na baraza hutumika kama njia ya juu: watu wanapita wakizirukia moja baada ya nyingine, viatu mkononi.

Neno lenyewe limepanda cheo. Zanzibar ina Baraza la Wawakilishi tangu 1980, Tanzania ina Baraza la Kiswahili la Taifa tangu 1967, kuna baraza la mawaziri na Baraza la Idd, na jirani zetu wa Kenya wakisema baraza huenda wanamaanisha mkutano wa chifu chini ya mti. Yote hayo yametoka matakoni mwa watu waliokaa juu ya jiwe. Bara, vijana wanakaa kijiweni, na ukilivunja neno hilo unakuta jiwe lilelile, dogo tu. Sijui lugha nyingi, lakini napenda kuwa katika hii yangu bunge na uvivu vimezaliwa mahali pamoja.

Nisiwapake watu wa baraza rangi wasiyo nayo. Wengi wa waliokaa saa kumi alasiri ni watu waliotoka kazini, au waliotoka msikitini kuswali alasiri, au wazee waliokwisha kufanya kazi za kuwatosha. Kuna utaratibu. Kwenye chuo cha Kurani tulifundishwa kwamba aliyepanda kipando humsalimia aendaye kwa miguu, anayepita humsalimia aliyekaa, na wachache huwasalimia wengi. Tulifundishwa pia kuwa wanaokaa njiani wana deni kwa njia: wainamishe macho, wasimuudhi mpitaji, waitikie salamu. Kuitikia salamu hakujawahi kuwashinda. Kuinamisha macho, hapo baraza nyingi zina deni kubwa, na nitalirudia.

Kwa hiyo mpitaji halazimiki kutafuta la kusema. Maneno yamekwisha kutengwa kama vikombe kwenye sinia. Ukiwakuta watu wanakula, watakwambia "karibu", nawe ukisema "starehe" umewaambia wasijisumbue, waendelee. Ukiulizwa habari, ni njema kwanza, hata kama umetoka kuzika. Habari yenyewe huja baadaye, ukishakaa. Wageni hulalamika kwamba salamu zetu ni ndefu na hazina kitu ndani. Ni kweli hazina kitu, kama kikombe kisivyo na kitu kabla ya kumiminiwa. Katika ile duru ya hujambo na hawajambo mtu anapata nafasi ya kukutazama uso, kukusikia sauti, na kuamua kama akuachie upite au akwambie, "Kaa kidogo."

Baraza yangu ya pili siku hiyo ilikuwa ya bao. Mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne, watu wawili wanacheza na wanane wanajua zaidi yao. Mzee mmoja aliyesifika mtaani kote alikuwa anachezeshwa na mvulana wa skuli, sare bado mwilini, mkoba chini ya miguu. Mchezo ulikuwa umetoka hatua ya namua umeingia ya mtaji. Mvulana akakamata kete, akaanza kutembea nazo, akatia moja moja, akala, akaenda tena, na ukimya ukashuka barazani, ule wa watu wanaohesabu bila kutikisa midomo. Alipolala, kete yake ya mwisho imeangukia shimo tupu, mzee aliliangalia bao muda mrefu. Kisha akacheka. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka, akamuuliza mtoto, "Wewe wa nani?" Akatajiwa jina la baba, akasema, "Baba yako nilimfunga hapahapa," na akaanza kuzipanga kete upya. Sikumjua mvulana huyo na sikumwona tena. Lakini hata leo nikimwona mtu mzima ameshindwa vizuri, ile kofia hunirudia.

Mjini kwetu furaha za namna hii hatukuziachia bahati peke yake. Tumezijengea kiti, tumezipa saa na tumezitungia maneno, halafu bahati ikitaka kupita inakuta pa kukaa. Nimeishi miji mingine ambako watu si wabaya hata kidogo, ila hakuna ukuta uliotoa tako la jiwe nje, na miaka mitatu ikapita sikumjua jina jirani wa mlango wa pili. Ni mtu wa kawaida kama mimi. Tulikosa pa kusimama tu.

Na kahawa. Muuzaji unamsikia kabla hujamwona, maana hugonganisha vikombe vidogo mkononi kama mpiga ala. Dele la shaba liko juu ya makaa, ndoo ya kuoshea vikombe mkono wa pili. Kahawa ni chungu, haina sukari, na ndiyo maana hufuatana na kashata, ya karanga au ya nazi, au tende, au kipande cha halua kwa mwenye nazo. Kikombe kinajaa funda tatu, nne. Udogo huo una hikima yake: kahawa kidogo hivyo huwezi kuondoka nayo ukitembea, na huwezi kuona haya kumnunulia usiyemjua. "Mpe na huyu," mtu anasema, akionyesha kwa kidevu. Huyo huyu ndiye mimi, au wewe, au mchukuzi aliyeweka mzigo chini apumue. Hakuna anayeandika deni. Keshokutwa utamnunulia mwingine kabisa.

Nilifika Darajani, nikanunua ndimu, nikageuka. Mvua ikaniwahi njiani.

Ilikuwa mvua ya masika, ya kumwagwa, inayokuja bila kuuliza. Nikarukia baraza ya kwanza niliyoiona, chini ya kipaa, na wengine wakarukia. Tukawa sita: mimi, mwalimu mwenye miwani iliyofunikwa na maji, bwana wa Vespa aliyeiacha Vespa yake inyeshewe, vijana wawili wa bandarini, na mama mmoja wa shamba, kapu la ukili limepakatwa kama mtoto. Baraza ile ilikuwa fupi. Tulikaa bega kwa bega na watu ambao siku ya jua tungepishana kwa salamu tu. Mwanzo tulitazama maji. Kisha harufu ikamsaliti yule mama: kapuni mlikuwa na mikate ya ufuta, ya moto bado. Akatuangalia mmoja mmoja, akaona hapana njia, akatoa mmoja akaukata vipande sita kwa mkono. "Huu ulikuwa wa bwana," alisema. "Mungu ataniandikia, bwana sijui." Tulicheka kuliko ulivyostahiki utani wenyewe. Muuza kahawa, ambaye naye alikuwa amejibanza upande wa pili wa njia, akavuka na dele lake, kichwani kajifunika sinia. Mwalimu akatulipia sote.

Mvua ilichukua robo saa. Ilipokatika kila mtu akashika njia yake, na hakuna aliyeuliza mwenziwe jina.

Sasa lile deni la macho. Baraza niliyoisimulia ni ya wanaume kwa kiasi kikubwa, na dada zangu wangeiandika kwa wino mwingine. Msichana akipita mbele ya baraza nne kwenda dukani amepita mbele ya macho ishirini, na jioni baba yake anajua alipita na nani, amevaa nini, amecheka au hakucheka. Hata mimi niliwahi kuonekana Forodhani saa za chuo, taarifa ikanitangulia nyumbani. Jiwe lile linalokupa kahawa ndilo linalokupekua. Wanawake walikuwa na furaha zao kwingine: uani, ukumbini kwa jirani, jikoni kwenye harusi na maulidi, na katika ile desturi ya sahani ambayo mimi naiona nzuri kupita baraza zote. Ramadhani, kabla ya magharibi, watoto wamejaa njiani, kila mmoja na sahani iliyofunikwa kawa: mihogo ya nazi kwa huyu, kaimati kwa yule. Sahani hairudi tupu. Unapeleka tambi, unarudishiwa sambusa, na unapofunua kawa hujui utakuta nini. Nimepata zawadi nyingi maishani zenye karatasi za rangi, na hakuna iliyonipa ule msisimko wa kufunua kawa la jirani.

Mambo yamebadilika, kama yanavyobadilika. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na nyumba nyingi zimekuwa hoteli. Baadhi ya baraza zimewekewa mito na menyu. Ukikaa hapo unaletewa bei. Siasa za vyama vingi zilipokuja mwaka 1992, baraza na maskani zilijigawa pia, na kukawa na njia ambazo mtu huzikwepa kwa rangi ya bendera, ingawa kahawa ni ileile na wauzaji hawana chama saa za kazi. Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, chini ya yale majumba marefu ya Michenzani ambayo mchoraji wake hakukumbuka kutoa tako la jiwe, watu walijikokotea mbao, viti vibovu, vipande vya saruji, wakakaa. Hilo hunifurahisha zaidi ya baraza yoyote ya kale. Mchoraji akisahau, wakaaji watakumbuka.

Nilifika nyumbani kwenye saa kumi na moja na nusu, shati limeng'ang'ania mgongo. Nilikuwa nimejitayarishia visingizio vitatu. Mama alinitazama juu mpaka chini, na swali aliloniuliza halikuwa nililolitegemea.

"Umekutana na nani?"

Nikamweleza. Nikampa salamu za babu, naye akazipokea kwa "alayka wa alayhi salaam". Nikamsimulia ukwaju na mke wa kwanza, akacheka, maana alimjua huyo mke na anajua kwa nini aliondoka. Nikamsimulia bao, akataka kujua mvulana ni wa nani hasa, nikamtajia, akasema bibi yake huyo mtoto alikuwa hivyohivyo kwenye karata. Mkate wa ufuta ulimpendeza kuliko yote. Alinirudisha pale mara mbili: kapu lilikuwa la namna gani, mama wa shamba alisema vipi neno "bwana". Changu walingoja. Nikaona kuwa nilitumwa ndimu na nilikuwa nimeleta kitu kingine, na kwamba huyu aliyenikataza kuota mizizi alikuwa na njaa nacho.

"Haya," akasema mwishowe, akanyoosha mkono. "Ndimu."

Nikatia mkono mfuko wa kushoto, nikatia wa kulia. Zilikuwa juu ya baraza, pale tulipojikinga mvua, katika gazeti, ubavuni mwa mahali alipokaa mwalimu.

Mama hakusema kitu. Alifunika samaki, akanifungulia mlango. Nje jua lilikuwa limetoka tena, mawe yameanza kukauka, na mtaa mzima, toka kwetu mpaka Darajani, baraza zote zilikuwa zimejaa.